Mwongozo kamili: tone la maji ya chumvi linavyotambaa juu ya chuma na kukila

Ukitazama tone la maji ya chumvi lililotua juu ya bamba la chuma, jicho linakuambia mambo mawili, na yote mawili ni ya kupotosha. La kwanza ni kwamba tone linaishia pale unapouona ukingo wake. La pili ni kwamba chuma kinaliwa pale kutu inapoonekana. Ukweli ni kwamba baada ya muda utando mwembamba wa maji hutoka nje ya ukingo na kutambaa juu ya chuma kilichokuwa kikavu, na chuma kinachoyeyuka zaidi mara nyingi si kile kilicho chini ya kutu ya kahawia bali kile kilicho katikati ya tone, ambako hakuna rangi ya kutisha. Anayeosha, kupiga msasa au kupaka rangi kwa kufuata jicho tu hujikuta akirudia kazi ileile.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jaribio dogo la mezani ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya, ili uone kwa macho yako kile ambacho kwa kawaida hakionekani. Baada ya hapo tutaenda kwenye chuma cha kazi: geti, fremu, chasi, tangi, boliti, chochote kile kinachorushiwa maji ya chumvi.

Kinachotokea ndani ya tone

Ruka sehemu hii ukitaka, lakini utairudia, kwa sababu bila yake hatua zinazofuata zitaonekana kama masharti ya mganga.

Chuma kuliwa na kutu ni kazi ya umeme. Mahali fulani chuma huyeyuka na kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kikiacha elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme, nyuma yake. Mahali hapo huitwa anodi. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma chenyewe hadi mahali pengine ambako oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea na kugeuka kuwa hidroksidi. Hapo ni kathodi. Ili mzunguko ukamilike, ayoni lazima zisafiri ndani ya maji kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hapo ndipo chumvi inapoingia. Maji safi hupitisha umeme kwa shida. Maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi, na zaidi ya hapo kloridi, mojawapo ya ayoni mbili za chumvi (nyingine ni sodiamu), huvunja utando mwembamba wa oksidi unaokilinda chuma.

Tone linapotua tu, oksijeni imesambaa ndani yake sawasawa, na chuma huanza kuliwa kwa vidoa vidogo hapa na pale. Hali hiyo haidumu. Katikati ya tone maji ni mazito, yaani umbali kutoka hewani hadi kwenye chuma ni mkubwa, na oksijeni ikishatumika haijazwi upesi. Ukingoni maji ni membamba na oksijeni mpya huingia muda wote. Basi ukingo unakuwa kathodi na katikati panakuwa anodi. Hidroksidi inayozaliwa ukingoni hupandisha pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua) na kukifanya chuma cha pale kijilinde. Katikati, ambako oksijeni ni haba, ndiko chuma kinakoyeyuka. Ayoni za chuma zikitoka katikati na kukutana njiani na hidroksidi na oksijeni, kutu hujengeka hapo katikati ya safari, kama pete. Ndiyo maana pete ya kutu haiko juu ya jeraha.

Mwanakemia Mwingereza Ulick Richardson Evans wa Cambridge alilionyesha jambo hili katika miaka ya 1920 kwa tone la chumvi lililotiwa rangi za kutambulisha, na hadi leo jaribio hilo hubeba jina lake. Tutalifanya hapa chini.

Sasa kuhusu kutambaa. Kathodi ya ukingoni inapofanya kazi, ayoni za sodiamu huvutwa kuelekea huko kusawazisha chaji za hidroksidi, huku kloridi zikivutwa kuelekea katikati. Chuma kilicho nje kidogo ya ukingo nacho kimeunganishwa kwa umeme na anodi ya katikati, na katika hewa yenye unyevu mwingi huwa na tabaka la maji lisiloonekana. Oksijeni huanza kupokea elektroni hata hapo, ayoni za sodiamu zinafuata, zinavuta maji, na mvutano kati ya maji na chuma unabadilika kiasi kwamba maji yanapenda kulala juu ya chuma kuliko awali. Utando unasonga mbele. Mbele yake mara nyingi huota vitone vidogo sana, kila kimoja kikiwa na unyevu wake.

Ubaya wa utando huo hauko hasa katika kile unachokila wenyewe. Umejaa sodiamu na hidroksidi, na chuma kilicho chini yake hubaki king'aavu kwa muda. Ubaya ni kwamba unaipanua kathodi. Anodi ni ileile ndogo ya katikati, ila sasa inadaiwa elektroni na eneo kubwa zaidi. Kinachotambaa nje ni kathodi; kinachochimbwa ni katikati.

Vifaa vya jaribio

Unahitaji vipande vichache vya bamba la chuma cha kawaida ambacho hakijapakwa zinki wala rangi, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja. Ongeza msasa wa namba 400 na 800, spiriti, maji yaliyokenekwa, chumvi, bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, karatasi za kupimia pH, tochi na kioo cha kukuzia. Kamera ya simu inatosha kwa picha. Kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa umeme wa maji kitakufaa baadaye kwenye kazi halisi, kwa hiyo kama utanunua kitu kimoja tu, nunua hicho.

Kwa jaribio la rangi utahitaji pia potasiamu ferisianidi, inayogeuka bluu pale chuma kinapoyeyuka, na fenolftalini, inayogeuka waridi pale hidroksidi inapozaliwa. Vaa glavu na miwani, usitumie vyombo vya jikoni, na potasiamu ferisianidi usiichanganye kamwe na asidi kali wala kuipasha moto, kwa sababu inaweza kutoa gesi ya sianidi. Usipoweza kuzipata au ukiona ni hatari mahali ulipo, jaribio la kutambaa halizihitaji kabisa.

Chumvi ya mezani inafaa kwa kuangalia kutambaa. Kwa jaribio la rangi tafuta chumvi isiyoongezwa kitu, maana baadhi ya chumvi za mezani huwekwa ferosianidi ili zisigandamane, na hiyo inaweza kukuletea rangi ya bluu isiyotokana na ferisianidi uliyoweka wewe.

Hatua ya 1: Andaa uso wa chuma

Hatua hii ndiyo inayoharibu majaribio mengi, basi ifanye polepole. Bamba jipya huwa na mafuta ya kiwandani. Lifute kwa spiriti, kisha lisugue kwa msasa wa 400 ukiwa na maji, halafu 800, ukifuata upande mmoja tu. Mikwaruzo ya msasa ni mifereji. Utaona baadaye utando ukikimbilia upande wa mifereji hiyo, na ukisugua ovyo hutajua nini kimesababisha nini.

Suuza kwa maji yaliyokenekwa. Maji yakilala kama shuka moja bila kukatika, uso ni safi. Yakijikusanya na kuacha mabaka makavu, mafuta bado yapo. Rudi kwenye spiriti. Ukiridhika, suuza kwa spiriti mara ya mwisho na ukaushe upesi kwa hewa ya uvuguvugu. Shika bamba kwa kingo zake. Jasho la vidole lina kloridi, na alama ya kidole itaota kutu yenye michoro yake yote ndani ya kisanduku chenye unyevu.

Usichore duara kwa kalamu kuzunguka mahali tone litakapokaa. Wino hubadilisha namna maji yanavyolala. Ukihitaji alama, ikwaruze nyuma ya bamba.

Hatua ya 2: Tengeneza maji ya chumvi

Yeyusha gramu 3.5 za chumvi katika maji yaliyokenekwa hadi ifike mililita 100. Huo ni ukali unaokaribia wa maji ya bahari, ambayo kwa wastani huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita.

Kwa jaribio la rangi, tenga sehemu ya maji hayo na kwa kila mililita 100 ongeza gramu 0.1 ya potasiamu ferisianidi na mililita 1 ya fenolftalini iliyoyeyushwa kwenye spiriti kwa asilimia 1. Maji haya usiyatumie kupima kutambaa. Spiriti iliyomo hupunguza mvutano wa uso wa maji na tone hulala bapa tangu mwanzo, kwa hiyo utadhani utando unatoka haraka kumbe ni spiriti tu.

Hatua ya 3: Weka matone

Lisawazishe bamba, maana mteremko mdogo tu hulivuta tone upande mmoja. Kwa bomba la sindano weka tone la mililita 0.05, yaani mililita moja hutoa matone 20. Kwenye bamba jingine weka tone la 0.1 na lingine dogo kadiri unavyoweza. Ukubwa una maana: katika tone dogo sana oksijeni hufika kila mahali kwa urahisi, na ule mgawanyo wa katikati na ukingo hudhoofika.

Weka pia tone la maji yaliyokenekwa yasiyo na chumvi. Bila hilo la kulinganishia, hutajua kama kilichotokea ni kazi ya chumvi au ni unyevu tu.

Piga picha ya kwanza mara moja, ukiwa umelaza rula kando ya tone.

Hatua ya 4: Chagua unyevu

Funga mabamba ndani ya kisanduku pamoja na kitambaa kilicholowana, kisigusane na chuma. Unyevu wa hewa ndani yake utakaribia asilimia 100. Ukiwa na kisanduku cha pili, badala ya kitambaa weka kikombe chenye chumvi iliyotiwa maji kidogo ikawa kama mchanga mbichi. Chumvi hiyo, ilimradi bado kuna punje zisizoyeyuka na maji ya kuilowesha, huishikilia hewa ya kisanduku kwenye unyevu wa asilimia 75 hivi kwa joto la kawaida la chumba.

Namba hiyo 75 si ya bahati. Ndiyo kiwango ambacho chumvi ya kawaida huanza kufyonza maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Chini ya hapo inabaki punje kavu. Lakini maji ya bahari hayana chumvi ya kawaida peke yake. Yana kloridi ya magnesi, ambayo hufyonza maji kuanzia unyevu wa asilimia 33 hivi. Kwa sababu hiyo chuma kilichopigwa na manyunyu ya bahari kinaweza kuonekana kikavu kabisa mchana kutwa huku ndani ya vumbi lake kukiwa na majimaji yanayofanya kazi. Kipimo cha mtu kupitisha mkono na kusema pamekauka hakisaidii chochote hapa.

Hatua ya 5: Tazama, na ujue unachotazama

Kwenye tone la rangi matokeo huja mapema. Ndani ya dakika chache vidoa vya bluu huonekana: hapo chuma kinayeyuka na ayoni zake zimekutana na ferisianidi. Ukingoni hutokea waridi: hapo hidroksidi inazaliwa. Mwanzoni bluu huwa imetawanyika, kisha inajikusanya kuelekea katikati huku waridi ikifunga duara nje. Kati ya hizo mbili, kutu ya kahawia inaanza kujenga pete. Liache tone hilo, umeshaona linachotaka kukuonyesha.

Tone lisilo na rangi linataka subira. Kutu itaonekana kwanza kama ukungu wa rangi ya chai ndani ya maji. Kwa utando wa nje, zima taa, laza tochi karibu na usawa wa bamba na utazame kwa kioo cha kukuzia. Mwanga unaoingia kwa mlazo huonyesha nje ya ukingo mkanda wenye mng'ao tofauti na, ukiwa na bahati, nukta nyingi za vitone vidogo. Kwenye kisanduku chenye kitambaa mkanda huo unaweza kuanza ndani ya saa chache na kuendelea kupanuka hadi kesho yake. Kwenye kisanduku cha asilimia 75 huwa mfinyu zaidi au usionekane kwa jicho.

Piga picha kwa vipindi vilevile na kwa pembe ileile ya mwanga. Picha moja nzuri haina faida kuliko picha nane za kawaida zinazolingana.

Kabla ya kulifuta tone, fanya vipimo viwili. Gusisha kipande kidogo cha karatasi ya pH kwenye mkanda wa nje, kisha kingine katikati ya tone. Nje pH hupanda, mara nyingi kupita 10. Ikiwa umeliacha tone wazi kwa muda mrefu usishangae ikipungua: kabonidayoksaidi ya hewani huunganika na hidroksidi na kuifanya kabonati, na hilo pia hupunguza mwendo wa utando. Ni sababu mojawapo ya kisanduku kilichofungwa kutoa matokeo tofauti na meza ya wazi.

Mwisho suuza bamba, ondoa kutu taratibu kwa kitambaa na uangalie chuma chenyewe. Tafuta pale kilipopoteza mng'ao na kuwa na vishimo. Linganisha na picha ya kutu. Kwa wengi hapa ndipo mashaka yanapoisha.

Hatua ya 6: Majaribio mawili ya nyongeza yenye thamani

La kwanza ni kukausha na kulowesha. Acha tone likauke kabisa hewani, kisha rudisha bamba kwenye kisanduku chenye unyevu, na urudie hivyo mara kadhaa. Tone linapokaribia kukauka, maji yake huwa membamba na oksijeni hupita upesi, huku chumvi ikizidi kuwa kali. Kwa muda huo mfupi kasi ya kuliwa hupanda kabla ya kushuka. Chuma kinacholoweshwa na kukaushwa mara kwa mara kinaweza kuharibika zaidi kuliko kile kilichozama moja kwa moja, na sasa unajua kwa nini sehemu ya nguzo inayorushiwa maji huwa mbaya kuliko ile iliyo chini ya maji muda wote.

La pili linahusu rangi ya kupaka. Paka bamba rangi ya kawaida, iache ikauke vizuri, kisha ikwaruze mstari mmoja hadi chuma kionekane na uweke tone la chumvi juu ya mstari huo. Baada ya siku kadhaa za unyevu, jaribu kuinua rangi kwa ncha ya kisu kando ya mkwaruzo. Utakuta inabanduka hata pale ambapo hakuna kutu. Ni utando uleule, safari hii unatambaa chini ya rangi: hidroksidi inavunja mshikamano wa rangi na chuma, sodiamu inafuata, na njia inafunguka kwa maji zaidi.

Kuyapeleka haya kwenye chuma cha kazi

Anza na hesabu moja. Tone la mililita 0.05 lenye chumvi asilimia 3.5 lina miligramu 1.75 za chumvi. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, katika viwango vyake vya mwaka 2006 vya rangi za ndani ya matangi ya maji ya uzani ya meli (maji yanayobebwa ili meli isiyumbe), linataka chumvi inayoyeyuka kwenye chuma kabla ya kupaka isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba. Gawanya: tone moja tu, likisambazwa sawasawa, linatosha kulifikisha kwenye kikomo hicho eneo la sentimita za mraba 350, yaani zaidi ya nusu ya karatasi ya A4. Tambara lililofuta tone hilo na kuendelea kufuta pembeni limefanya usambazaji huo bila malipo.

Kwa hiyo osha kabla ya kusugua. Ni kosa la kila siku kuanza na brashi ya waya au msasa kwenye chuma chenye chumvi. Brashi hung'arisha juu na kuisukumiza chumvi kwenye vishimo. Anza na maji yasiyo na chumvi, mengi, kutoka juu kwenda chini, na upite mbali na doa: ukiona kutu ya upana wa kiganja, osha eneo mara kadhaa ya hilo, kwa sababu utando ulishafika huko. Spiriti na tina ya rangi hazisaidii kuondoa chumvi, maana chumvi karibu haiyeyuki ndani yake. Ni za mafuta. Kama uso una mafuta, osha kwanza kwa sabuni, kwani maji hayatafika kwenye chumvi iliyofunikwa na grisi.

Kisha sugua, halafu osha tena. Kutu nene huficha kloridi chini yake, karibu kabisa na chuma, ndani ya vishimo ambako maji ya kwanza hayakufika. Ukishaondoa magamba, kloridi hiyo iko wazi, na sasa ndiyo wakati wa kuiosha. Wengi huishia kwenye kusugua kwa sababu chuma kimeshang'aa. Mng'ao hauna habari yoyote kuhusu chumvi. Kwenye vishimo virefu itakubidi kuosha na kusugua kwa zamu mara mbili au tatu, na maji ya moto au ya presha husaidia sana.

Pima. Mafundi wa viwandani hutumia kibandiko cha Bresle: kijifuko kidogo kinachobandikwa kwenye chuma, maji yaliyokenekwa yanaingizwa kwa sindano, yanavutwa na kurudishwa mara kadhaa, kisha upitishaji wake wa umeme unapimwa. Bila kibandiko unaweza kufanya hivi: weka alama ya mraba wa sentimita 10 kwa 10. Pima mililita 50 za maji yaliyokenekwa kwenye kikombe safi na uandike upitishaji wake kwa maikrosimensi kwa sentimita. Chovya pamba ndani ya maji hayo, sugua mraba wote, ikamulie kikombeni, rudia mara kadhaa ukitumia glavu safi, halafu upime tena. Tofauti kati ya vipimo viwili zidisha kwa 2.5, jibu ni makadirio ya miligramu za chumvi kwa mita ya mraba. Tofauti ya 20 inakuweka kwenye 50. Pamba haitoi chumvi yote, hasa ya kwenye vishimo, basi jibu lako lichukulie kuwa ndilo la chini. Ukipata 40 usishangilie.

Pima mahali pabaya, si mahali pazuri. Chini ya boriti, nyuma ya bawaba, chini ya kichwa cha boliti, sehemu zilizofunikwa na paa. Mvua ni mwoshaji mzuri, na sehemu ambazo mvua haifiki ndizo zinazolimbikiza chumvi mwaka hadi mwaka.

Kausha kwa makusudi. Baada ya kuosha usiliache jua lifanye kazi peke yake. Puliza maji yaliyokaa kwenye maungio, futa, pasha hewa. Wakati wa kupaka, joto la chuma lenyewe liwe juu ya kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji) kwa nyuzi 3 za Selsiasi angalau, la sivyo utapaka rangi juu ya utando wa maji usiouona. Chuma hupoa usiku haraka kuliko hewa, na saa za alfajiri ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii.

Kuna ishara moja ya bure inayozidi vipimo vingi. Chuma kilichopigwa mchanga au kusuguliwa vizuri kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu, pale palipobaki chumvi hugeuka vidoa vyeusi au vya kahawia mapema kuliko sehemu nyingine. Ukiviona vidoa hivyo, usivifute na kupaka haraka kabla havijarudi. Rudi kwenye maji.

Metali nyingine, kwa ufupi

Chuma kilichopakwa zinki hupata utando uleule wa kutambaa, lakini zinki huliwa kwa niaba ya chuma na kuacha unga mweupe. Osheni unga huo bila kuukwangua kwa brashi ya chuma. Stenlesi haisalimiki. Aina ya 304 hupata vidoa vya rangi ya chai karibu na bahari, na 316, yenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, huvumilia zaidi bila kuwa na kinga kamili. Hatari yake ni vishimo vidogo vyenye kina, kwa sababu ndani ya kishimo kloridi hujikusanya na maji hugeuka asidi. Usiisugue kamwe kwa pamba ya chuma cha kawaida: chembe zinazobaki zitaota kutu na utadhani ni yenyewe.

Uoshe kila baada ya muda gani?

Inategemea mahali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 hupanga hewa katika madaraja kwa kiasi ambacho chuma cha kawaida kisichopakwa kinapoteza mwaka wa kwanza: C3 ni maikromita 25 hadi 50, C5 ni 80 hadi 200, na CX, ambako ndiko pwani zenye mawimbi makali na joto huangukia, ni 200 hadi 700. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu kukupa ratiba moja. Tundika kipande cha chuma kitupu, kilichosafishwa kama kwenye hatua ya kwanza, karibu na kitu unachokilinda, na ufanye kipimo cha pamba kila wiki. Mara utakapoona namba inapanda kuelekea 50, umepata ratiba yako.

Na pale rangi inapovimba malengelenge karibu na mkwaruzo, litoboe moja na uchovye karatasi ya pH kwenye maji yake kabla hayajakauka. pH ikiwa juu, kathodi imeshaingia chini ya rangi na kilicho dhaifu ni kikubwa kuliko kilichovimba. Weka ncha ya kisu chini ya rangi na uendelee kukwangua kuelekea nje, hata juu ya chuma kinachong'aa kisicho na kutu, mpaka ufike mahali rangi inakataa kuinuka. Kuanzia hapo ndipo unapoosha, kupima na kupaka upya.